Shoga, usiibadilishe pasipoti

Kwako shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku China wazima, hofu ni juu yenu. Nisalimie Mama, na Bi Rukia umwambie vitambaa vyake vya mapazia vimo kwenye mzigo wa mwezi huu. Kwa ukimya wangu niwie radhi, tutagombana siku nyingine, leo kuna jambo haliwezi kungoja.

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti mara mbili. Umesema wiki ijayo unakwenda Uhamiaji kuomba pasipoti yenye jina la mume, yaani la Chen, mchumba wako Mchina, ili ufike China ukiwa umeshakuwa Bi Chen. Nakuomba sana usifanye hivyo.

Mwanamke wa Kichina hachukui jina la mume. Mavyaa wako akitoa kitambulisho utaona amebaki na ukoo wa baba yake, na hakuna anayemshangaa. Kwa hiyo jina hilo halitakuongezea heshima ukweni wala mbele ya afisa. Litakuongezea kazi. Cheti cha kuzaliwa kina jina la baba yako, shahada ya chuo vilevile, na karatasi ya Msajili wa Ndoa kwamba huna pingamizi itatoka kwa jina hilohilo. Pasipoti peke yake ndiyo itakayosema Chen. Kila dirisha utakalosimama watataka ushahidi kwamba hao wawili ni mtu mmoja, na ushahidi wenyewe ni kiapo mbele ya wakili Mombasa, kikathibitishwe Nairobi, kisha kitafsiriwe Kichina. Kila dirisha, shoga, na mengine yatakikataa.

Kama pasipoti inakaribia kuisha, hilo ni jingine. Ibadilishe kabla ya safari, kwa majina yaleyale, herufi kwa herufi, kwa sababu kibali cha kuishi huku hakiwezi kupita tarehe ya mwisho ya pasipoti. Ukiibadilisha ukiwa tayari China una siku 10 tu za kupeleka mabadiliko kwa polisi wa uhamiaji. Baadaye namba mpya uizungushe benki, kwenye laini ya simu, WeChat na Alipay (programu zao za kulipia kwa simu) na programu ya tiketi za treni. Na ile ya zamani usiitupe hata ikikatwa kona, maana ndiyo inayoeleza namba iliyoandikwa kwenye cheti cha ndoa.

Sasa nikueleze jina linavyofanya kazi huku, maana ndipo wengi wanapokwama. Chukua jina kama Amina Juma Bakari. Kwenye pasipoti Bakari iko mstari wa jina la ukoo, na Amina Juma iko mstari wa majina mengine. Karani mmoja ataandika BAKARI AMINA JUMA, mwingine AMINA JUMA BAKARI, kijana wa duka la laini ataandika kwa herufi ndogo bila nafasi, na wa benki ataacha Juma kwa kuwa limemshinda. Kwa macho yako ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ni watu wanne. Siku utakapounganisha WeChat na benki, mashine italinganisha majina mawili na kukukatalia bila kueleza kisa. Tazama ukurasa wa picha kwenye pasipoti, ile mistari miwili ya chini yenye alama <<<. Mpangilio ule wa majina ndio wa kuutaka kila mahali, kwa herufi kubwa. Anza na laini ya simu, ufuate benki, ndipo WeChat na Alipay. Benki usiondoke kabla karani hajakuonyesha kwenye karatasi jina lilivyoingizwa, na nafasi kati ya majina zilivyo. Upige picha.

Halafu kuna jina la Kichina. Cheti cha ndoa, tafsiri na karatasi za hospitali, mara nyingi zitataka jina lako kwa herufi zao. Mfasiri hukisia sauti tu. Amina anaweza kuwa 阿米娜 au 阿米纳, yote husomwa A-mi-na, lakini ile herufi ya mwisho ni tofauti (ya kwanza ina alama ya mwanamke ubavuni). Mfasiri wa Nairobi akichagua moja na wa Changsha, huko jimbo la Hunan kwa akina Chen, akachagua nyingine, umeshazaa pacha wako mwenyewe kwenye makaratasi. Kaa na Chen jioni moja, mchague herufi, mziandike kwenye karatasi, na kila mfasiri apewe karatasi hiyo kabla hajaanza. Ni kazi ya nusu saa, na itakuepusha na safari usizoweza kuzihesabu.

Kuhusu ndoa yenyewe kuna njia mbili, na hukunieleza mmechagua ipi. Mkioana Mombasa, nikaha iandikwe na aliyeidhinishwa na Msajili wa Ndoa, mpate cheti cha serikali. Karatasi ya msikiti pekee haitavuka bahari. Cheti hicho hupita Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi, kisha ubalozi wa China, kisha hutafsiriwa. Ulizeni ubalozini utaratibu wa siku hiyo kabla hamjamlipa wakala, kwa sababu China iliingia kwenye mkataba wa apostili (muhuri mmoja unaotosha bila kupita ubalozini) tarehe 7 Novemba 2023, na Rwanda na Burundi zimo pia, basi watu huchukua maelekezo ya Mnyarwanda wakayafuata wakiwa Wakenya. Chen naye atadaiwa karatasi ya useja kutoka kwao, aifuatilie kabla hajapanda ndege. Mkishaoana Kenya kihalali hakuna haja ya kuandikisha tena China.

Na hapa tena, jina! Umesema atasilimu na ataitwa Yusuf. Alhamdulillahi. Lakini kwenye cheti cha ndoa aandikwe kama alivyo kwenye pasipoti yake ya Kichina, kwa herufi za Kilatini. Yusuf mwiteni nyumbani na msikitini. Cheti kikitoka "Yusuf Chen", polisi wa kwao watakitazama na kitambulisho chake na kusema huyu siye.

Mkioana huko kwao, mnakwenda pamoja ofisi ya mambo ya raia, minzhengju, lakini si kila ofisi huandikisha ndoa za wageni, kwa hiyo apige simu kwanza. Wewe unahitaji pasipoti na hati kwamba huna mume, iliyothibitishwa na kutafsiriwa. Hati hiyo usiitoe mapema ukaikalisha, kwani ofisi nyingi hukubali ya ndani ya miezi 6. Picha ni tatu, za inchi mbili, wawili pamoja, nyuma pawe pekundu. Sharti lao ni kichwa kisicho na kofia, basi kwa mtandio wako aulize mapema, usije ukabishana siku yenyewe. Ada hakuna tangu mwaka 2017. Kitabu cha familia, hukou, hakidaiwi tena kwenye kuandikisha ndoa tangu 10 Mei 2025, ila akibebe tu, mara nyingi huulizwa kwenye kibali. Mtatoka na vitabu viwili vyekundu, kimoja chako kimoja chake. Chako kaa nacho wewe. Kabla hamjaondoka dirishani soma namba ya pasipoti tarakimu moja moja, maana hapohapo kosa hurekebishwa kwa dakika kumi, na kesho yake ni kisa kirefu.

Visa ya mke anayekwenda kuishi ni Q1. Utaona pale pa muda wa kukaa wameandika 000. Usishtuke, maana yake ni kwamba ndani ya siku 30 tangu uingie lazima uombe kibali cha kuishi. Siku 30 ni chache. Ndani ya saa 24 za kwanza uandikishwe kituo cha polisi cha mtaa, paichusuo, ukipewa karatasi uitunze kama dhahabu, na kila ukitoka nchini ukarudi uwaulize kama ni lazima uandikishwe upya. Usipofanya hivyo ni onyo, au faini inayoweza kufika yuan 2,000. Wiki ileile nenda ukapimwe afya kama unaomba kibali cha mwaka mmoja au zaidi. Ni damu, picha ya kifua, moyo, uende asubuhi hujala kitu. Majibu huchukua siku kadhaa. Ndipo uende uhamiaji na Chen mwenyewe. Watabaki na pasipoti yako hadi siku 15 za kazi, wakupe stakabadhi yenye picha. Kwa stakabadhi hiyo utapanda treni, ila nje ya nchi hutoki. Kibali cha chini ya mwaka ni yuan 400, cha mwaka hadi mitatu ni 800, na cha zaidi ya hapo hadi mitano ni 1,000. Tafadhali usifike karibu na mwaka mpya wao. Ofisi hufungwa wiki nzima na siku zako 30 hazisimami. Ukizidisha ni yuan 500 kwa siku, mwisho 10,000, na wanaweza kukuweka ndani.

Kuna jambo naona watu wanakuficha. Kibali cha mke si ruhusa ya kazi. Nimesikia mpango wako wa kufundisha Kiingereza watoto wa jirani. Usiuanze. Faini ya kufanya kazi bila kibali ni yuan 5,000 hadi 20,000, na kwa kosa zito hukamatwa. Kibali cha kazi kinaombwa na mwajiri, na kinataka shahada iliyothibitishwa, yenye jina lilelile la pasipoti. Unaona tunavyorudi palepale? Shahada yako ithibitishwe ungali Kenya, hata kama leo hujui utafanya kazi gani.

Kwa wanaotaka kukaa kabisa, kadi ya kudumu ipo. Kwa mke ni miaka 5 ya ndoa, na miaka 5 mfululizo ya kuishi China, kila mwaka angalau miezi 9, pamoja na makazi na riziki ya uhakika. Kwa hiyo safari za Mombasa za miezi minne minne zinakula hesabu. Weka kalenda ya kuingia na kutoka tangu siku ya kwanza.

Mtoto akija, inshallah, mzungumze mapema. China haikubali uraia wa nchi mbili, na mtoto wa Mchina aliyezaliwa huko wao humhesabu Mchina. Kenya nayo humhesabu Mkenya kwa sababu ya mama. Mwamue kabla hujajifungua ataandikishwa wapi, na jina lake muwe nalo tayari, kwani cheti cha hospitali kikishaandikwa kulibadilisha ni taabu. Uzazi wao una mwezi mzima wa kukaa ndani, maji ya moto tu, supu juu ya supu. Arobaini yetu unaijua, basi hilo halitakushinda.

Mengine madogo. Hunan iko upande wa kusini, ambako serikali haikuwekea nyumba mabomba ya joto, kwa hiyo Januari ndani ni baridi kama nje. Nguo za kuvaa ndani ya nguo nunua hukohuko, za Mombasa hazitoshi. Chakula chao kina pilipili, utafurahi, lakini hata mboga za majani hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Kusema "sili nguruwe" hakutoshi, mavyaa atakuondolea vipande vya nyama na kukupakulia mboga kwa moyo safi kabisa. Sema mafuta. Nunua karai lako, kisu na ubao wako tangu juma la kwanza, mapema si utovu wa adabu, ukingoja miezi mitatu ndipo itaonekana umemkinai. Madukani tafuta neno qingzhen, yaani halali, na vijimkahawa vya tambi za Lanzhou viko karibu kila mtaa.

Sasa nijibu. Umeshalipia pasipoti hiyo au bado? Kama umeshalipia, wamekwambia unaweza kuahirisha? Ya sasa inaisha lini, na ile mistari miwili ya chini inasomekaje? Nikaha atasoma nani, na ameidhinishwa? Chen anasemaje kuhusu jina kwenye cheti, au hamjagusa hilo? Na shahada, bado iko kwa shangazi Kisauni? Mama amekubali kweli, au amenyamaza tu kama alivyonyamaza kwa kaka yako?

Niandikie leo kabla hujalala. Huku tuko mbele yenu kwa saa tano, lakini nitaiacha simu wazi.

Dada yako,
Mwanaisha