Nimemsalimia mjusi wetu Berlin, Tendaguru kwenyewe sijafika

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, niongee habari za mjusi wetu, yule dinosaria aliyechimbwa Tendaguru huku kwetu mkoani Lindi akapelekwa Ujerumani. Mi ni mama mstaafu hapa Lindi mjini, mwezi wa tano mwanangu aliyeolewa Ujerumani alinitumia tiketi nikaenda kumsalimia yeye na mjukuu, na mkwe naye hakutaka mama mkwe akae ndani anaangalia tivii tu, akatukatia safari ya meli ya mtoni, siku nne kwenye mto Rhine kutoka Köln hadi Mainz, mnalala humohumo mnakula humohumo.

Sitawachosha na habari za mkate asubuhi mkate jioni (siku ya tatu niliota ming'oko, vile viazi vyetu vya porini). Kilichonishika ni jinsi wale watu wanavyosimulia! Hamna jiwe linapitwa kimya. Ukishatoka Koblenz magofu ya ngome yako juu ya vilima kulia na kushoto, chini yake mizabibu, na spika ya meli haikauki, hii ilikuwa ya fulani, ile ilivunjwa na fulani. Pale Kaub kuna kingome cheupe katikati ya maji, ukikitazama utadhani nacho ni meli, kazi yake zamani ilikuwa kuzuia vyombo vitoe ushuru, wanavuta mnyororo hupiti mpaka ulipe. Nikamwambia mwanangu kumbe geti la ushuru wa mazao halikuanzia kwetu, akacheka mpaka chai ikamwagika.

Na kabla hamjafika hapo Kaub, ukingoni kuna vibao vya kuhesabu kilomita, tulipofika kwenye 555 mjukuu akapiga kelele "Bibi, Lorelei!" Mwamba tu huo jamani, mita 132, ila una hekaya ya mwanamke anayechana nywele huku anaimba, mabaharia wanapagawa na sauti wanagonga mwamba. Basi meli nzima imesimama na simu mkononi wanapiga picha jiwe. Majini wa namna hiyo sisi tunao kibao, tatizo tunawasimulia usiku kwa kunong'ona.

Sasa sikia hii. Kipande kile cha bonde UNESCO walikiandika kwenye urithi wa dunia mwaka 2002. Magofu yetu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa 1981, miaka 21 kabla yao, na Ibn Battuta, yule msafiri wa kale wa Moroko, alishafika Kilwa tangu 1331. Mi nimezaliwa mkoa huuhuu na Kisiwani nimevuka mara moja tu, kwenye msiba, jioni nikapanda mashua nikarudi hata Husuni Kubwa, lile gofu la jumba la sultani, sijauliza iko upande gani.

Tuliporudi Berlin ndo nikapelekwa Museum für Naturkunde, makumbusho yao ya viumbe na mambo ya asili. Unaingia ukumbini tu huyo hapo, mjusi wa Tendaguru, mita 13.27 kwenda juu. Nikasogea mguu wa mbele, mfupa wa bega hadi kiwiko peke yake umenipita kimo. Wajerumani walimchimba huku 1909 hadi 1913, Maji Maji ndo kwanza imeisha, watu wetu kwa mamia wanafukua na msimamizi wao Boheti bin Amrani, wengine wanabeba mifupa kichwani siku nzima nzima porini mpaka bandarini hapa Lindi. Nilikaa kwenye benchi nikawa nawaza vichwa vile, nani aliwapa hata maji.

Mjukuu ana miaka minane, Tendaguru analitamka vizuri kuliko kijiji cha babu yake. Akaniuliza mbele za watu, "Bibi, mahali alipotolewa umeshafika?" Nikajifanya natafuta miwani.

Najua mjadala wa arudishwe asirudishwe upo miaka nenda rudi, hayo nawaachia wakubwa. Ombi langu ni dogo, shule zetu za Lindi zipeleke watoto Tendaguru hata mara moja kabla hawajamaliza darasa la saba, mimi nimesoma hapa mpaka nikamaliza sikupelekwa, na hawa vijana wa boti wanaovusha watu Kitunda na Kilwa Kisiwani wafundishwe simulizi mbili tatu za kumwambia abiria njiani badala ya kumuwekea mziki tu masikio yapasuke. Mimi buku la kuongezea nauli ninalo.

Mwisho Mhariri, mjukuu anakuja Desemba na kashasema bahari ataiona baadaye, kwanza Tendaguru. Nimeuliza stendi kila mtu ananielekeza lake, mmoja kaniambia nipitie Mipingo, mwingine kasema mvua zikianza niache kabisa. Msomaji aliyefika karibuni naomba aniandikie kupitia gazeti hili, gari ndogo inapita au nitafute bodaboda mbili?

Bibi wa watu,
Lindi