Majimbi yasingoje Ramadhani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niyasemee majimbi, chakula ambacho sisi wa Pemba hukigombania sokoni mwezi wa Ramadhani, kisha Idi ikishapita tukakiacha na kurudi kwenye wali wa mchele unaotoka ng'ambo, ilhali mabonde yetu yenye maji yanayaotesha vizuri.

Kwa upande wa lishe, hasara ni yetu. Gramu 100 za majimbi yaliyopikwa zina nyuzinyuzi zipatazo gramu 5, na wali mweupe wa uzito huo huo haufikishi hata gramu 1; madini ya potasiamu, ambayo husaidia kushusha shinikizo la damu, yanazidi ya wali kwa zaidi ya mara 10. Nyuzinyuzi hulainisha choo na hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, jambo linalopaswa kutushughulisha kwa namna presha na maradhi ya sukari yalivyoingia majumbani mwetu. Mgonjwa wa figo, hata hivyo, amuulize daktari wake kwanza, kwani potasiamu nyingi huweza kumdhuru.

Najua wapo wanaoyakimbia kwa sababu yanawasha. Muwasho huo hutokana na chembe ndogo mno zenye umbo la sindano, na dawa yake ni kuyapika yakaiva kwelikweli. Mpishi ajipake mafuta mikononi kabla ya kumenya, ayakate vipande, ayachemshe kwa maji na chumvi, amwage maji hayo, ndipo atie tui jepesi na kuyaacha mpaka yalainike kabisa. Tui la kasimile, yaani tui zito, liingie mwisho, kwa moto mdogo, huku likikorogwa lisikatike. Majimbi yaliyoharakishwa yatawasha tu, hata nazi iwe nzuri vipi. Sukari wanayotia baadhi ya wapishi, kwa maoni yangu, haina kazi humo: chumvi, pilipili mbichi na kipande cha samaki aina ya changu wa kuchoma vinatosha.

Nawaomba wenye mikahawa ya Wete, Chake Chake na Mkoani wayapike kwa chakula cha mchana miezi yote, angalau siku mbili za wiki, ili mkulima wa bondeni awe na mnunuzi hata baada ya Idi. Nawe, Mhariri, utusaidie kwa kuchapisha mapishi yake, pamoja na ya viazi vikuu na shelisheli, katika kurasa zako za afya.

Wasalaam,
Msomaji wako,
Wete, Pemba