Buoniconti hakuishia kwenye kombe

Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa michezo kuhusu malainibeka hodari wa futiboli ya Kimarekani ilimpa Nick Buoniconti aya moja tu: kiongozi wa walinzi wa Miami Dolphins, msimu wa 1972 bila kufungwa, akaingizwa Ukumbi wa Mashujaa kule Canton, Ohio, mwaka 2001, basi. Yote ni kweli. Lakini mtu huyo aliishi miaka 43 baada ya kuvua jezi, na kwa maoni yangu habari yenyewe iko humo.

Uwanjani mwandishi wenu hakukosea, aliharakisha tu. Buoniconti alizaliwa Springfield, Massachusetts, mwaka 1940, katika familia ya Kiitaliano iliyokuwa ikioka mikate. Alicheza chuoni Notre Dame, na ilipofika zamu ya timu kuchagua wachezaji mwaka 1962, zote zikampita hadi raundi ya 13, Boston Patriots walipomwokota. Kisa ni kimo chake. Lainibeka husimama nyuma ya ukuta wa mbele wa walinzi, asome wapinzani wanataka kufanya nini, kisha amwahi mwenye mpira kabla hajashika kasi. Wakati ule walitafuta pande la mtu kwa kazi hiyo, na huyu hakufika futi sita. Akawapita wengi kwa kusoma mchezo, na kwa kujitosa. Vijana wa enzi zake walifundishwa kukaba kwa kutanguliza helmeti. Huko mashuleni na vyuoni mtindo huo ulikuja kupigwa marufuku mwaka 1976, mwaka uleule alioacha kucheza.

Katika fainali ya Super Bowl ya Januari 14, 1973, Dolphins waliwafunga Washington 14 kwa 7 na kumaliza msimu wakiwa na ushindi 17 katika mechi 17. Kabla ya mapumziko Buoniconti alinasa pasi ya Bill Kilmer na kukimbia nayo yadi 32, na hapo ndipo likapatikana bao la pili. Hakuna timu nyingine ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, iliyomaliza msimu mzima, fainali ikiwemo, bila doa hata leo.

Sasa tuje kwenye yale yaliyoachwa.

Akiwa bado Boston alikuwa akisoma sheria usiku. Alipostaafu akawa wakala wa wachezaji wa besiboli, mtangazaji wa kipindi cha televisheni kuhusu NFL kwa zaidi ya miaka 20, na katika miaka ya 1980 rais wa kampuni kubwa ya tumbaku ya kuweka mdomoni, ile jamii ya kuberi inayouzwa kwenye vibanda vyetu. Mwaka 1985 aliketi mbele ya kamera za televisheni akaitetea biashara yake: sayansi, alisema, haijathibitisha kwamba bidhaa hii inasababisha saratani ya kinywa. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuweka maonyo ya afya kwenye makopo hayo. Namtaja hapa kwa ubaya wake makusudi. Wasifu unaomfanya malaika haumsaidii msomaji, na neno hilo la kutothibitishwa lilikuja kumrudia mwenyewe.

Oktoba 26 ya mwaka huohuo wa 1985, mwanawe Marc, kijana wa miaka 19 aliyecheza nafasi ileile ya baba katika chuo cha kijeshi cha The Citadel, alijirusha kumkaba mpinzani, shingo ikateguka. Alipooza kuanzia shingoni kwenda chini, na mwanzoni hata kupumua kulitegemea mashine. Baba alimwahidi mwanawe kwamba atafanya kila awezalo ili asimame tena. Akishirikiana na daktari wa upasuaji Barth Green, mwaka huohuo wakaanzisha Miami Project to Cure Paralysis, kituo cha utafiti wa uti wa mgongo katika Chuo Kikuu cha Miami. Aliyewahi kuuza tumbaku akageuka ombaomba wa utafiti, wa karamu hadi karamu, na michango ikafikia mamia ya mamilioni ya dola. Mwaka 2012 kituo hicho kilipata kibali cha kuwapandikizia wagonjwa seli za Schwann, zinazozungushia neva ngozi yake, zikiwa zimetolewa kwenye neva ya mguu wa mgonjwa mwenyewe na kukuzwa maabara. Marc hajatembea. Siku ya Canton, aliyemtambulisha baba yake jukwaani ni Marc, akiwa katika kiti cha magurudumu, na baba alisema angetoa yote aliyopata mchezoni ili mwanawe ainuke.

Kisha zamu ikamfikia yeye. Alipovuka umri wa miaka sabini alianza kuanguka anguka. Mkono wa kushoto ukamgomea. Mwanasheria aliyewahi kuongoza kampuni alishindwa kufunga tai, akawa anahangaika na fulana hadi mkewe amsaidie kuivaa. Alikisia kwamba kichwa chake kilikuwa kimepigwa zaidi ya mara 500,000, ukihesabu mazoezi tangu utotoni. Novemba 2017 alitangaza kwamba akifa ubongo wake uende kwa watafiti wa Boston wanaochunguza madhara ya kugongwa kichwa. Alifariki Julai 30, 2019, akiwa na miaka 78.

Msomaji asiyefuatilia mchezo huu huenda akauliza kwa nini asubiri kufa. Ni kwa sababu CTE, ugonjwa wa ubongo unaotokana na kugongwa kichwa mara nyingi, haujapata kipimo cha uhakika kwa mtu aliye hai. Lazima ubongo ukatwe na kuangaliwa kwa darubini. Aliyeuona kwa mara ya kwanza katika ubongo wa mchezaji wa NFL ni Mwafrika mwenzetu, daktari Bennet Omalu kutoka Nigeria, alipoupasua mwili wa marehemu Mike Webster kule Pittsburgh mwaka 2002. Alipochapisha matokeo mwaka 2005, madaktari wa kamati ya ligi walidai makala yake yafutwe. Hakuna uthibitisho, walisema. Wimbo ni uleule wa tumbaku, ila safari hii Buoniconti alikuwa upande wa wanaoumia.

Ligi baadaye ilikubali kulipa, katika mapatano na wachezaji wa zamani yaliyoanza kazi Januari 2017. Someni hati hiyo kwa makini. Familia za waliokutwa na CTE baada ya kufa zinalipwa kwa sababu hiyo ikiwa tu mhusika alikufa kabla ya Aprili 22, 2015. Aliyekufa siku iliyofuata, ubongo wake ukikutwa umeharibika kwa CTE, hadai chochote kwa jina la ugonjwa huo; itabidi awe alithibitishwa akiwa hai kuwa na maradhi mengine yaliyotajwa humo, kama vile kupoteza uwezo wa kukumbuka na kufikiri. Kwa ugonjwa unaopimika maitini tu, mtu aliyeandika kifungu hicho alijua anachofanya.

Atasema mtu kwamba hayo ni ya Wamarekani. Aprili 2023 NFL ilileta kambi yake Nairobi kuwapima vijana wa Afrika, na kurasa za michezo, zenu zikiwemo, zilijaa mishahara na ndoto. Silaumu vijana. Buoniconti mwenyewe alipoulizwa kama angecheza tena, hakujifanya mtakatifu: alisema bila mpira hakuwa na njia nyingine ya kufika chuo kikuu, ingawa bei hakuijua. Kijana wa Kayole akijibu hivyo nitamwelewa. Ninachodai ni kwamba yeye aambiwe bei.

Januari 2018, akiwa tayari anatembea kwa shida, Buoniconti alisimama na Harry Carson, lainibeka mwingine wa Ukumbi wa Mashujaa, kuwasihi wazazi wa Marekani: mtoto wa chini ya miaka 14 asicheze mchezo wa kugongana, acheze ule wa vitambaa, ambapo unamsimamisha mpinzani kwa kumchomoa kitambaa kiunoni. Mchezo huo wa vitambaa utakuwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028, na ndio rahisi kuanzishwa shuleni kwetu, maana hauhitaji hata helmeti.

Kwa hiyo, Mhariri, kambi ijayo ikija, mtumeni mwandishi wenu na maswali matatu. Kijana akichukuliwa, nani anamlipia matibabu ya kichwa miaka 20 baada ya kuachwa na timu? Mkataba anaotia saini umeandikwa kwa lugha anayoielewa mzazi wake? Na watoto wa shule wanaofundishwa mchezo huu hapa nchini, wanafundishwa ule wa vitambaa au ule wa kugongana, na kuanzia umri gani? Majibu yachapisheni palepale mlipochapisha mishahara.

Msomaji wenu,
Thika