Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama,

Mwaka huu nguvu zetu nyingi zimekwenda Engare Nanyuki. Mkutano uliopita ulitutuma tukusanye kumbukumbu za uhamisho wa 1951 kabla wazee walioushuhudia hawajatutoka, na kazi hiyo imeanza vizuri. Hata waliokuwa watoto wadogo siku zile sasa wanakaribia miaka 80 au wameshaivuka, kwa hiyo hatuna muda wa kupoteza.

Kwa wanachama wapya nieleze kidogo. Tangu enzi za Wajerumani, Mlima Meru ulikuwa umezungukwa na mashamba ya walowezi. Wakati wa Waingereza, Wameru walichanga fedha wakajinunulia tena ardhi ya Engare Nanyuki. Pamoja na hayo, serikali ikaamua eneo hilo liwe la ufugaji wa Wazungu. Novemba 1951 askari wakaingia, nyumba zikachomwa moto, na watu wapatao 3,000 wakaamriwa kuhamia Kingori. Wengi waligoma kwenda huko, wakahifadhiwa na ndugu zao mlimani.

Bibi mmoja alituonyesha jiwe la kusagia, limeliwa katikati hadi limekuwa kama bakuli. Mama yake aliacha vyombo vyote ndani, akabeba hilo. Alimwambia kwamba chungu kitafinyangwa kingine, lakini jiwe lililozoea mkono hulipati tena. Familia imekubali tulipige picha. Kulitoa wamekataa, na wana haki.

Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kwa niaba ya Wameru, akisaidiana na wakili Earle Seaton. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, yaani Waingereza waliitawala chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa, kwa hiyo mwananchi aliweza kupeleka malalamiko yake huko. Jirani zetu wa Kenya, wakiwa koloni, hawakuwa na mlango huo. Azimio lililowaunga mkono Wameru lilipita kwenye kamati, likakwama Baraza Kuu kwa kukosa theluthi mbili ya kura.

Ardhi haikurudi kwa kura ile. Lakini Kirilo aliporejea alizunguka nchini akiwasimulia watu aliyoyaona, na wakajua kwamba Gavana naye ana wakubwa wa kumhoji. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na Machi 1955 Mwalimu Nyerere akasimama mbele ya Baraza la Udhamini huko huko New York. Njia alikuta imeshafyekwa. Ndiyo maana hunikera kila Desemba 9 ninaposikia hotuba zinazoanzia 1954, kana kwamba watu walikuwa wamelala.

Sasa niseme la kibao cha kumbukumbu tunachotaka kukiweka, maana limetugawa. Baadhi yenu mnataka liandikwe jina la Kirilo peke yake. Mimi napinga, na sisemi hivyo kwa kumpunguzia heshima. Wazee wametueleza jinsi nauli yake ya New York ilivyopatikana: huyu kauza kahawa, yule kauza mbuzi, wajane wakatoa senti zao. Kibao kisichowataja wachangaji kitakuwa kimesema nusu ya habari. Kamati inapendekeza majina yao yakusanywe kwanza, ndipo fundi aitwe. Mtapiga kura leo baada ya chai.

Mengine ni mafupi. Barua yetu ya kuomba nakala za majalada ya zamani katika ofisi moja ya serikali bado haijajibiwa, ingawa katibu ameshafika pale mara kadhaa, ataendelea kufuatilia. Hesabu atazisoma mweka hazina. Wenye madeni ya ada wanajijua, nami sitawataja mbele ya wageni.

Fomu za majina ya wachangaji ziko kwa katibu. Kila familia ichukue moja, ijaze jina la mchangaji, kijiji chake, na jina la mzee aliyelithibitisha. Asiyejua kuandika aje na mjukuu.

Mwenyekiti