Risala kwa Mgeni Rasmi: Kingamwili Mbili kwa Mgonjwa Mmoja

Bismillahi. Mheshimiwa mgeni rasmi, daktari wetu. Wazee wetu wa Mkomani na Langoni. Walimu mliotupa ukumbi huu. Wauguzi, wagonjwa wenzetu na walezi: Assalamu alaikum.

Karibu nyumbani Lamu. Wapo mama zetu waliokuita mwanangu uliposhuka gatini asubuhi, nao wana haki hiyo, lakini kwa dakika hizi chache itabidi tukuite mgeni.

Sisi ni kikundi cha watu wenye saratani za damu, watu wenye lupasi na baridi yabisi, magonjwa ambayo kinga ya mtu humshambulia mwenyewe, pamoja na wanaowauguza. Wengi hutuuliza imekuwaje magonjwa mbalimbali namna hii yakakaa jamvi moja. Jibu lilitoka kwenye chupa ya dawa. Ndugu yangu mwenye limfoma, saratani ya seli za kinga, na jirani yetu mwenye baridi yabisi walikutana Mombasa, wametundikiwa dripu viti viwili pembeni, wakaulizana na kukuta dawa ni ileile: rituksimabu. Walirudi Lamu kwa boti moja. Tangu siku hiyo wakawa wanatembeleana, na sisi walezi tukawafuata.

Mheshimiwa mgeni rasmi, haya wewe unayajua kuliko sisi, lakini tunaomba ruhusa tuyaseme kwa lugha yetu, maana wengi waliomo humu ukumbini hawajapata kuyasikia kwa Kiswahili. Kingamwili ni protini ambayo mwili huitengeneza ili ishike kitu kimoja na kuacha vingine, mfano wa ufunguo wa mlango wa Kiamu usiofungua mlango wa jirani. Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, Uingereza, walipata njia ya kutengeneza kingamwili ya aina moja kwa wingi, na mwaka 1984 wakatunukiwa Nobel pamoja na Niels Jerne. Kwenye kazi hiyo ndipo ilipochipuka rituksimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa limfoma. Hushika alama iitwayo CD20, iliyo juu ya seli B, aina mojawapo ya seli za kinga katika damu. Seli B ikigeuka saratani, rituksimabu huiondoa. Seli B ikiwa si saratani ila inachochea kinga ya mtu imshambulie mwenyewe, huiondoa vilevile. Ndiyo sababu mwaka 2006 dawa hiyo ikaruhusiwa kwa baridi yabisi, ikitumiwa pamoja na methotreksati, dawa ya kutuliza kinga. Jamvi letu ni moja kwa sababu seli ni moja.

Leo tumekualika kwa jambo la mbele ya hapo: kuunganisha kingamwili mbili kwa mgonjwa mmoja. Hakuna mtu hapa asiyejua kwamba mgonjwa wa kifua kikuu hatibiwi kwa dawa moja. Ukimpa moja, vijidudu vichache visivyoiogopa hubaki na kuzaana. Saratani nayo ina ujanja huo. Seli inayoshikwa kwa alama fulani huweza kuiangusha ile alama, na dawa ikija haina pa kushika.

Chukueni mayeloma, saratani ya uboho wa mifupa. Zipo sasa kingamwili zenye mikono miwili: mkono mmoja unamkamata mwizi, wa pili unamshika askari na kumleta hapohapo. Mwizi ni seli ya saratani. Askari ni seli T, seli nyingine ya kinga ya mgonjwa mwenyewe. Teklistamabu hushika alama ya BCMA, talketamabu hushika alama nyingine iitwayo GPRC5D. Watafiti wakazitoa zote mbili pamoja kwa watu ambao ugonjwa wao ulikuwa umerudi baada ya matibabu mengi. Matokeo yalichapishwa Januari 2025: katika waliopata kipimo kilichopendekezwa, asilimia 80 ugonjwa wao ulipungua. Tulipoyasoma, mwenzetu mmoja mwenye mayeloma alinyamaza kitambo, kisha akaomba tumsomee tena. Tukamsomea tena, na sehemu ya pili tukamsomea pia: zaidi ya nusu ya waliokuwa kwenye utafiti walipatwa na maambukizi makali. Kinga inayofagiliwa kwa fagio mbili huacha nyumba bila mlinzi.

Kwa wenye lupasi, hadithi ni ya kuangalia kwa makini zaidi. Rituksimabu ikishaondoa seli B, mwili huongeza kitu kiitwacho BAFF, ambacho ni kama chakula cha seli hizo. Zinaporudi zinakuta karamu, na zile mbovu zinakula pia. Belimumabu, iliyoidhinishwa kwa lupasi mwaka 2011, hukamata hiyo BAFF. Basi Uingereza wakajaribu rituksimabu kwanza, belimumabu baadaye, kwa wagonjwa 52. Taarifa yao ya 2021 ilionyesha ugonjwa ulilipuka vikali kwa watu 3 waliopata belimumabu, na 10 wasioipata. Lakini utafiti mkubwa zaidi uliogeuza mpangilio, belimumabu ikatangulia, haukuonyesha kwamba mbili zinadhibiti lupasi kuliko belimumabu peke yake. Tunalisema hili wazi mbele yako, kwa sababu wapo wanaotujia wakiwa tayari kuuza shamba kwa kusikia neno "dawa mbili". Mtu asiuze shamba la watoto kwa jambo ambalo bado linapimwa.

Kwa watoto wenye limfoma ya Burkitt, aina mojawapo ya limfoma ya seli B, ugonjwa uliopata jina kutoka kwa Denis Burkitt, daktari aliyeueleza akiwa Uganda mwaka 1958, habari ni njema zaidi. Rituksimabu ilipoongezwa kwenye kemotherapi ya watoto ambao limfoma yao ya seli B ilikuwa imesambaa, baada ya miaka mitatu asilimia 93.9 walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa wala kupatwa na jingine zito. Kwa kemotherapi pekee ni 82.3. Shirika la Afya Duniani liliiweka rituksimabu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015.

Sasa turudi Lamu. Dawa hizi zinataka baridi ya friji, nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi. Mwaka jana dozi ya mwenzetu ilitoka Mombasa kwa basi, basi likachelewa, barafu ikayeyuka kabla ya Mokowe, gati la bara tunapopandia boti. Muuguzi alikataa kuitumia, naye alifanya haki. Mama yule alilia pale gatini, sisi hatukuwa na la kumwambia. Tunaomba sauti yako ipatikane friji yenye umeme wa akiba upande wa bara, na sanduku la baridi lenye kipimajoto kwa safari ya majini.

Tunaomba pia kila atakayeanza rituksimabu apimwe kwanza homa ya ini aina ya B. Kirusi kilicholala kwenye ini huweza kuamka seli B zikiondolewa, na huamka kwa ukali. Kipimo chenyewe ni kidogo sana kikilinganishwa na gharama ya dozi.

La mwisho ni la maabara. Anayetumia daratumumabu, kingamwili nyingine, kwa mayeloma huvuruga kipimo cha kulinganisha damu, kwa kuwa dawa hiyo hushika kidogo hata chembe nyekundu, na hali hiyo huweza kuendelea miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho. Akifika usiku na upungufu wa damu, kwa punda kutoka Langoni, na maabara haijui, saa za thamani hupotea wakitafuta damu inayolingana ilhali ipo. Damu yake yafaa ichunguzwe kabla ya dozi ya kwanza, na majibu atembee nayo.

Kwa hiyo tumechapisha kadi. Ina aina ya damu, majibu ya homa ya ini, majina ya kingamwili anazotumia na tarehe ya dozi ya mwisho. Ya kwanza iko mezani mbele yako, mheshimiwa, pamoja na kalamu nyekundu. Tunaomba uisahihishe kabla hatujachapisha nyingine. Ndugu yangu anasafiri Jumatatu na boti ya alfajiri, na angependa kuondoka nayo mfukoni.

Naomba kuwasilisha.