Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kura ya Waongozaji na Mabishano Yake

Ndugu wanachama,

Katiba inanitaka niwaeleze shughuli zote za chama chetu cha wapenzi wa filamu kwa mwaka uliopita. Ukweli ni kwamba shughuli ilikuwa moja, na ilimeza nyingine zote. Masuala ya fedha yamo katika taarifa ya mweka hazina na hesabu zimekaguliwa. Ada zimelipwa vizuri kuliko miaka ya nyuma, labda kwa kuwa asiyelipa hapigi kura, na safari hii kila mtu alitaka kupiga.

Kura yenyewe ni ile ya kuwapanga waongozaji bora wa filamu za zamani. Zamani tuliandika jina moja tu kwenye karatasi, na kila mara Alfred Hitchcock aliibuka kidedea. Safari hii kamati iliamua kila mwanachama apange majina kumi: wa kwanza apewe alama kumi, wa mwisho moja, kisha zijumlishwe. Matokeo mnayajua. Akira Kurosawa wa Japani ameongoza, Mjapani mwenzake Yasujiro Ozu amemfuata kwa karibu, Hitchcock kashuka hadi nafasi ya tatu.

Maneno yamekuwa mengi kwamba kamati ilikuwa na mtu wake. Si kweli. Hitchcock bado ndiye aliyewekwa namba moja na watu wengi kuliko mwingine yeyote, ila wasiomweka juu mara nyingi hawakumweka kabisa. Kurosawa hakuwa kipenzi cha wengi, lakini alikuwa wa pili au wa tatu karibu katika kila karatasi. Ukihesabu mapenzi anashinda mmoja, ukihesabu heshima anashinda mwingine. Mimi niliunga mkono kuhesabu heshima, ingawa karatasi yangu ilianza na Hitchcock.

Wanaoona orodha ikibadilika basi imeharibika, watazame kura ya jarida la Sight and Sound la Uingereza, inayofanyika kila baada ya miaka kumi tangu 1952. Mwaka huo wakosoaji waliichagua Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, filamu iliyokuwa na miaka minne tu. Kuanzia 1962 hadi 2002 kiti kilikaliwa na Citizen Kane ya Orson Welles. Mwaka 2012 kikachukuliwa na Vertigo ya Hitchcock, na 2022 na Jeanne Dielman ya Chantal Akerman. Vertigo ilitoka 1958, na haikuingia katika kumi bora hadi 1982. Filamu ni ileile, macho ya watu ndiyo yaliyobadilika.

Kulikuwa na hoja ya tuzo pia. Mwanachama mmoja alitetea kwamba John Ford apewe nafasi ya kwanza bila kura, kwa kuwa ana Oscar nne za uongozaji na hakuna aliyemfikia. Ni kweli anazo. Lakini hata moja haikutokana na filamu za kauboi, ambazo ndizo tunazomkumbukia, na Hitchcock aliteuliwa mara tano asipate kitu. Kwangu mimi hoja hiyo ilifia hapo, ijapokuwa mwenyewe hadi leo hajakubali.

Mzozo ulioniumiza kichwa ni mwingine. Wapo waliorudisha karatasi tupu wakisema tunampa mtu mmoja sifa za kazi ya kundi zima. Nao si watu wa kupuuzwa. Wazo kwamba mwongozaji ndiye mwenye filamu, kama mwandishi na kitabu chake, lilishika kasi Ufaransa miaka ya 1950, pale François Truffaut na wenzake walipokuwa bado wakosoaji. Welles mwenyewe, kijana wa miaka 25 alipopiga Citizen Kane, aliliweka jina la mpigapicha Gregg Toland pamoja na lake mbele ya watazamaji. Na katika Psycho ya 1960, Hitchcock alitaka mauaji ya bafuni yaende bila muziki. Bernard Herrmann akatunga zile fidla zinazopiga mayowe, Hitchcock akazisikia, akabadili uamuzi. Sasa sifa ni za nani? Jibu langu ni kwamba kujua lini ukubali kupingwa ni sehemu ya uongozaji. Karatasi tupu hata hivyo zimehifadhiwa, na zimeandikwa kwenye kumbukumbu kama kura halali za kupinga.

Jioni iliyofanya niamini kura hii haikuwa bure ni ile tuliyoangalia Tokyo Story ya Ozu, ya 1953. Wengi walikuja kwa shingo upande. Jirani yangu alilalamika tangu mwanzo kwamba kamera imewekwa chini na haisogei, na hakuna kinachotokea. Tukafika pale wazee wawili wamekaa kwenye ukuta kando ya bahari huko Atami. Mume anasimama, mke anafuata, anayumba na kuinama kidogo, kisha anasema si kitu. Ozu hamsogelei, hapigi muziki wa kututisha. Filamu ilipokwisha, jirani yule yule aliomba turudie kipande hicho. Ozu aliingia kwenye karatasi yake, nafasi ya nne.

Kuna aibu moja. Katika ishirini bora hakuna mwanamke, na wakati wa majadiliano ni wachache walioweza kumtaja Dorothy Arzner, aliyeongoza filamu Hollywood hadi 1943, enzi ambayo studio hizo karibu hazikuwa na mwongozaji mwingine mwanamke. Ousmane Sembène wa Senegal na Youssef Chahine wa Misri wameingia mwishoni mwa orodha, tena kwa kura za watu walewale. Nina hakika wengine hawakuwakataa, hawajawaona.

Kwa hiyo kamati inaleta pendekezo moja lijadiliwe leo: kuanzia kura ijayo, kila mwanachama athibitishe ameangalia angalau filamu tatu za kila mwongozaji anayemweka kwenye karatasi. Kwa Sembène tutaanza na Borom Sarret ya 1963, ambayo ni fupi, kisha La Noire de… ya 1966. Kwa Chahine, Cairo Station ya 1958, ambamo yeye mwenyewe anaigiza muuza magazeti. Katibu atapokea marekebisho ya pendekezo hili kwa maandishi kabla ya kura kupigwa.