Kompyuta haitatuondolea matajiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu hii hoja ambayo sa hivi unaikuta kila kijiwe, kwamba wanasiasa wametuchosha, wanawekwa mfukoni na wenye hela, kwahiyo bora serikali iendeshwe na mifumo na wataalamu wa kompyuta maana kompyuta haili rushwa. Hasira naielewa kabisa. Ila jamani tuangalie Marekani kilichotokea juzi juzi tu hapa.

Tajiri Elon Musk alimwaga zaidi ya dola milioni 250 kwenye uchaguzi wa 2024 kumbeba Trump, na sheria inaruhusu, tangu mahakama yao kuu ilivyoamua mwaka 2010 kwamba makampuni yanaweza kutumia hela bila kikomo alimradi hawamkabidhi mgombea mwenyewe. Januari 2025 ikaanzishwa DOGE, kitengo cha kubana matumizi ya serikali, Musk ndo akawa sura yake, wakaingia vijana wa kuandika programu, wengine wadogo kabisa, wakataka kuingia mpaka kwenye mifumo ya malipo ya serikali. Huyo bwana hakuna mwananchi aliyempigia kura. Mwezi wa pili akaandika mwenyewe mtandaoni kwamba wikiendi wameitumbukiza USAID, shirika la misaada la Marekani, kwenye mashine ya kusaga miti, na USAID hiyo hiyo ndo ilikuwa inalipa watu kibao wa kliniki huku kwetu. Mtaani kwangu kuna dada alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na daftari lake kuwajua walioacha dawa, akaambiwa asije tena kazini, na lile daftari akabaki nalo ndani, hajui amkabidhi nani.

Sasa hapo utasema ni utawala wa matajiri au wa teknolojia? Mi naona tajiri kaingia na kompyuta kwapani. Na hili wazo ni la zamani, miaka ya 1930 huko huko kulikuwa na watu wa Technocracy waliotaka wahandisi watawale na hela zifutwe kabisa, vitu vipimwe kwa nishati, na babu yake Musk mzaa mama, Joshua Haldeman, alikuwa kiongozi wao Kanada.

Sipingi mifumo. Control namba, ile ya kulipia huduma za serikali kwa simu au benki, imetuondolea foleni nyingi tu na wale wa kukuambia "ongea vizuri". Lakini angalia Estonia, nchi ya huko Ulaya, wanapiga kura kwa intaneti tangu 2005, na raia akiingia kwenye akaunti yake anaona ofisi gani imefungua taarifa zake, akitilia shaka anauliza na mtu anajibu.

Huku kwetu mwaka jana nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja, mbele yangu bibi wa watu vidole vimesuguliwa na jembe mpaka mistari imeisha, kaweka dole gumba mara nne tano, kijana anamwambia bibi mfumo haukusomi. Bibi akauliza, "Sasa mwanangu, huyo mfumo anakaa ofisi gani nimfuate?" Kijana akakosa jibu, akamuita anayefuata.

Wanaotaka tutawaliwe na kompyuta naomba waanze kumjibu yule bibi, na wamtajie jina la mtu.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam